Dinari ya Faustina
Jana nimetoka jumba la makumbusho hapa London, nimeganda mbele ya dinari moja ya fedha, sarafu ya kale ya Roma. Kadogo jamani, haifiki hata milimita 20! Ila nywele za mama aliyechongwa juu yake acha tu: misuko imezungushwa hadi utosini, unaweza kuihesabu. Ni Faustina Mkubwa, mke wa mfalme wa Roma, Antoninus Pius. Alipofariki mwaka 140, Seneti ya Roma ikamtangaza mungu, na mumewe akaendelea kutoa sarafu zenye sura yake na maneno DIVA FAVSTINA, yaani Faustina mungu. Kwa nyuma kuna Ceres, mungu wa kike wa nafaka, na mwenge wake. Siasa ilikuwemo, sibishi, lakini na mapenzi yalikuwemo. Nguzo za hekalu lake bado zimesimama Roma. Nauli ndiyo natafuta.