Tofali za kufyatua, San Juan Capistrano

Treni kutoka Los Angeles ilitushusha asubuhi, na kutoka stesheni hadi lango la misheni ya San Juan Capistrano, kituo cha zamani cha wamisionari Wakatoliki huko California, hatukutembea hata dakika kumi. Nilikuwa na mjomba, fundi uashi mstaafu wa Njombe, aliyekuja Marekani kumwona bintiye. Wiki mbili nzima alikuwa hajaona ukuta wa kumridhisha. "Mbao na maboksi tu," ndiyo ilikuwa nyimbo yake.

Hapo getini akanyamaza. Akaenda moja kwa moja mahali plasta ilipobanduka, akapapasa.

"Mpwa wangu, hizi tofali za kufyatua. Mbichi, hazikuchomwa. Nyasi hizi hapa."

Padri Fermín Lasuén, Mfransisko, alisimika msalaba hapa mwishoni mwa Oktoba 1775. Siku chache tu, zikaja habari kwamba wenyeji wameivamia misheni ya San Diego. Kengele zikafukiwa ardhini, watu wakakimbia. Tarehe 1 Novemba 1776 Mfransisko mwenzake, Padri Junípero Serra, akaianzisha upya, na kengele zikafukuliwa. Wafransisko walikuja na imani na ramani. Udongo wa tofali waliukanyaga Acjachemen, wenyeji wenye nchi yao. Aliyekwisha kubatizwa hakuondoka bila ruhusa, na akitoroka, askari walimfuata. Kengele ndizo zilizowaambia lini waamke, wale, waende shamba, wasali. Uani wamejenga tena kiicha, nyumba yao ya asili. Ni msonge kabisa. Mjomba aliuzunguka mara mbili, akauliza kwa nini hawa watu walihitaji kufundishwa kujenga.

Halafu tukafika penye magofu ya Kanisa Kubwa la Mawe. Ujenzi ulianza 1797 chini ya Isidro Aguilar, fundi wa mawe kutoka Culiacán, Meksiko. Akafa 1803, wenzake wakaendelea bila yeye hadi 1806. Lilikuwa na urefu wa mita zaidi ya 50, paa ni makuba ya mawe. Asubuhi ya tarehe 8 Desemba 1812, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, watu wakiwa kwenye misa, ardhi ikatetemeka na makuba yakawaangukia. Walikufa waumini 40, wengi wao Acjachemen, na wavulana wawili waliokuwa wakipiga kengele. Kujenga miaka 9, kusali miaka 6. Kilichobaki ni altareni, na vipande vya kuta vilivyosimama peke yao juani.

Mjomba alivua kofia. Alikaa hapo muda mrefu, nikaenda kununua maji na kurudi nikamkuta vilevile.

"Jiwe zito juu ya vichwa vya watu," akasema hatimaye. "Na kile kikanisa cha udongo?"

Kile cha udongo kipo. Ni kikanisa kirefu, chembamba, chenye giza tamu, ambamo Serra mwenyewe aliadhimisha misa. Altare yake ya mbao iliyopakwa dhahabu ilitoka Barcelona na kuwekwa hapo miaka ya 1920. Mimi naona imezidi ukubwa, kama kabati la harusi kwenye chumba cha kupanga. Serra alitangazwa mtakatifu 2015, na uzao wa Acjachemen hawakukubaliana wote. Mimi Mkatoliki, lakini pale makaburini, walipozikwa wenyeji wengi wasio na hata kibao cha jina, rozari haikuenda mbio.

Mengine ni ya makaratasi. Mwaka 1845 gavana wa California, Pío Pico, aliiuza misheni kwa dola 710, na Machi 1865, wiki chache kabla ya kuuawa, Abraham Lincoln akatia saini kuirudisha kwa Kanisa.

Tulipokuwa tunatoka, mjomba aliuliza kuhusu mbayuwayu. Mji huu unajulikana kwa ndege hao wanaosemekana kurudi kila tarehe 19 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Magofu yalipokarabatiwa viota viliondolewa, nao wakahamia kwingine. Ndiyo maana misheni iliweka viota bandia na kuwachezea sauti zilizorekodiwa ili kuwavuta. Mjomba alivitazama.

"Ndege wanajifinyangia wenyewe," akasema. "Wawaachie tope tu."

Treni ya kurudi ilichelewa. Alilala njia nzima, vidole vikiwa bado na vumbi la ukuta.