Mapovu kwenye Tangi

Juzi tukiwa kituo cha mafuta pale Area C, Dodoma, binti yangu aliniona nafungua kifuniko cha tangi mwenyewe na kutega sikio. "Baba, unasikiliza nini?" Nikamjibu nasikiliza upepo. Hakuridhika.

Ni mambo ya Mzee, baba yangu, hayo. Kitundu cha hewa kwenye kifuniko kikiziba, pampu inavuta mafuta mpaka inashindwa na gari linazima. Ukifungua utasikia tangi likivuta hewa, fyuu. Siku ile ya mwaka 1996, tulipokwama mbele ya Mayamaya tukienda Kondoa kwenye harusi ya Shangazi, hapo ndipo alipoanzia. Kifuniko kilikuwa kizima.

Ile Land Rover fupi ilikuwa imetusumbua muda. Inazima, inapumzika kidogo, inawaka kama haijaugua. Fundi mmoja mjini alishaapa pampu imekufa, inunuliwe mpya. Mzee akagoma. "Pampu iliyokufa haifufuki kwa kupumzika," alisema, na Mama akatazama pembeni.

Akafungua boneti akiwa na kanzu yake nyeupe ya harusi. Kikombe cha kioo cha kwenye pampu kilikuwa na tope la kutu chini na mafuta kiduchu juu. Akaminya kile kiwiko cha kupampia kwa kidole, tiki tiki tiki, kikombe hakijai. Akachomoa mpira unaotoka kwenye tangi, akaufuta kwa pindo la kanzu. (Lile doa Mama alilifua hadi akasalimu amri.) Kisha akaniita. "Njoo weka sikio hapa kwenye mdomo wa tangi. Ukisikia mapovu, piga bodi."

Nikaweka. Bati lilikuwa la moto, harufu ya petroli ikaniingia puani hadi machozi. Mzee akapuliza. Kimya. Mchunga mbuzi mmoja akapita, "Mbukwenyi," nikaitikia bila kuinua kichwa. Mzee akapuliza tena, mishipa ya shingo ikamsimama. Kimya. Mara ya tatu kitu kikaachia huko ndani, pwaa! Yakafuata mapovu, mengi, yanachemka chini ya sikio langu. Nikapiga bodi kwa ngumi kama ngoma, nacheka peke yangu. Mzee akatema mate ya petroli, akasukutua kwa maji ya kunywa, akarudisha mpira. Safari hii kikombe kilijaa.

Tukaenda. Likazima tena. Akapuliza tena. Hivyo hivyo kwenye vumbi lile, maana lami ya Kondoa ilikuwa bado ndoto. Tulifika masufuria yanaoshwa.

Baadaye akalishusha tangi kutoka chini ya kiti. Tukalimwaga, tukatia kokoto, maji na sabuni ya unga, tukalitikisa na kulibingirisha uani hadi maji ya kahawia yakageuka meupe. Pamoja na kutu kikatoka kipande cha mfuko wa nailoni, bluu, kama kiganja. Kuna mtu aliwahi kupoteza kifuniko akaziba kwa nailoni, na sehemu ikadondokea ndani. Injini ikivuta, kinajibandika kwenye mdomo wa bomba, ikizima, kinaachia. Tangi likaanikwa juani mpaka likakauka kabisa, mipira iliyopasuka ikatupwa, likawekwa chujio kabla ya pampu. Mambo ya kupuliza kwa mdomo msiyaige. Siku hizi kuna kompresa, na petroli ikiingia mapafuni si mchezo.

Pampu ile haikubadilishwa mpaka gari lilipouzwa. Mzee alipenda kuisimulia sehemu hiyo. Mama yeye husema bei ya pampu ilikuwa ndogo kuliko aibu ya siku ile, na kwamba kwenye albamu ya harusi ya Shangazi hakuna picha hata moja ya kaka yake. Nimeikagua. Kweli hayumo.