Flashi haisomi? Usibonyeze fomati bado

Kila msimu wa ripoti, steshenari za Mwanga hapa Kigoma hujaa wanafunzi, na haipiti siku bila mmoja wao kuambiwa, "Flashi yako haisomi." Kauli hiyo moja inabeba magonjwa kadhaa, na dawa ya ugonjwa mmoja ni sumu kwa mwingine. Windows nayo huzidisha balaa: ikikuta flashi isiyoielewa, inaleta kidirisha cha kuomba kuifomati. Mtu mwenye haraka anakubali, na hapo ripoti ya miezi mitatu inaingia hatarini. Kidirisha hicho kifunge tu. Kwanza tujue kilichokufa ni nini.

Ichomeke kwenye tundu la nyuma ya kompyuta ya mezani, si la mbele. Matundu ya mbele yanapata umeme kupitia waya unaotoka kwenye ubao mkuu, na waya huo ukilegea flashi hupepesa taa na kukata. Usipitishie kwenye habu, kile kigawanyio cha matundu ya USB. Jaribu na kompyuta ya pili. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, uangalie orodha ya diski inayotokea chini. Orodha hiyo inaeleza mengi kuliko kidirisha cha fomati.

Flashi ikionekana pale na ukubwa wake sahihi ila haina herufi, huna tatizo kubwa. Mara nyingi herufi yake imeshachukuliwa na diski ya mtandao wa ofisi. Bofya kulia, chagua kubadili herufi, uipe ya mbali kama R.

Ikionekana na ukubwa sahihi lakini imeandikwa RAW, kilichoharibika ni mpangilio wa mafaili. Chanzo cha kawaida ni kuichomoa wakati kompyuta bado inaandika, au umeme kukatika katikati ya kunakili. Data kwa kawaida bado imo; ramani yake ndiyo iliyovurugika. Wengi hukimbilia chkdsk E: /f, nami nawasihi wasianze nayo. Amri hiyo, pale inapokubali, inaandika juu ya flashi ileile, na vipande isivyovielewa inavigeuza kuwa mafaili yenye kiambishi CHK ndani ya folda inayoitwa FOUND.000. Flashi ikiwa inakufa, kila maandishi mapya yanaisukuma kaburini.

Njia salama ni kuchukua nakala ya flashi nzima kwanza, kisha ukafanyia kazi nakala. Washa kompyuta kwa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, andika lsblk ili uijue flashi kwa ukubwa wake, halafu:

sudo ddrescue -d /dev/sdb nakala.img nakala.map

Hapo sdb ni mfano. Weka jina uliloliona kwenye lsblk, na hakikisha upo kwenye diski yenye nafasi, kwa sababu flashi ya GB 32 inahitaji takribani nafasi hiyohiyo. ddrescue inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, kisha inarudia zile ngumu, na faili la map linaiwezesha kuendelea pale ilipoishia umeme ukikatika. Baada ya hapo fungua nakala.img kwa TestDisk, programu ya kurekebisha ramani ya diski. Kama flashi ilifomatiwa kwa mpangilio wa mafaili uitwao FAT32, programu hiyo inaweza kurudisha sekta ya mwanzo kutoka kwenye akiba yake, ambayo kwa kawaida hukaa sekta ya 6, na mafaili yakarudi na majina yake. Ikishindikana, tumia PhotoRec. Hii inatafuta mafaili kwa sura ya yaliyomo, kwa hiyo majina yanapotea: utapata f0123456.docx na wenzake mamia, itabidi ufungue moja baada ya jingine. Inachosha, ila ripoti inapatikana.

Kuna hali inayofanana na kupotea kwa mafaili lakini si hiyo: flashi inafunguka, ndani kuna njia za mkato tu, au hakuna kitu ingawa nafasi imejaa. Hao ni virusi, na flashi inayozunguka kwenye kompyuta nyingi za kuchapishia ndiyo makazi yao. Usibofye njia hizo za mkato. Fungua dirisha la amri, weka herufi ya flashi yako mahali pa E, uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yataonekana tena, mara nyingine yakiwa ndani ya folda isiyo na jina. Nakili nyaraka zako, acha kila kinachoishia na exe, vbs au lnk, halafu pitisha antivirusi kabla ya kufomati.

Flashi iliyowahi kutumika kusakinisha Windows au Linux huonekana ndogo, pengine MB chache badala ya GB 16, kwa sababu imegawanywa patisheni, yaani vyumba, kadhaa. Kama huna cha kuokoa, fungua diskpart, programu ya amri ya Windows ya kupanga diski, na uandike kwa mpangilio huu: list disk, select disk 2, clean, create partition primary, format fs=fat32 quick, assign. Namba 2 ni mfano. Soma ukubwa mara mbili kabla ya clean, maana haikuulizi kama una uhakika, na ukichagua 0 huenda ukafuta diski ya kompyuta yenyewe. Hili nalisisitiza kwa sababu halina kurudi nyuma.

Wenye sabufa dukani nao hulalamika kwamba flashi inasoma kwenye laptopu lakini haisomi kwenye redio. Sabufa nyingi zinajua FAT32 tu. Ukifomati kwa NTFS au exFAT zinanyamaza. Kwa flashi inayozidi GB 32, dirisha la fomati katika Windows nyingi zilizopo mitaani halitoi FAT32 kabisa, hivyo tengeneza patisheni ya GB 32 na uiache sehemu iliyobaki. Kumbuka pia FAT32 haipokei faili moja la kufikia GB 4, ndiyo maana video ndefu ya harusi inakataa kuingia hata nafasi ikiwepo.

Ikidai imezuiwa kuandikwa, tumia attributes disk clear readonly ndani ya diskpart. Ikiendelea kukataa kwenye kompyuta zote, inawezekana kontrola, chipu inayoiendesha flashi, imejifunga baada ya kuishiwa sehemu za kumbukumbu zisizo na kasoro. Nakili kilichomo, uiache ipumzike.

Ikitokea bila ukubwa, imeandikwa No Media, kontrola iko hai lakini haiifikii chipu ya kumbukumbu. Programu za kiwandani zinaweza kuifufua flashi hiyo, ila zinafuta kila kitu. Zitumie kama unataka flashi. Kama unataka data, usiziguse.

Tubaki na ile isiyotoa taa wala mlio, au inayotajwa kama kifaa kisichotambulika. Hapa anza na meno yake manne. Mawili ya pembeni ni ya umeme, mawili ya katikati ni ya data, kwa hiyo kutu kwenye ya katikati inakupa flashi inayowaka taa bila kutambulika. Sugua kwa kifutio cheupe cha penseli, pangusa kwa spiriti, iache ikauke. Kama iliangukia ziwani pale Kibirizi, usiichomeke kuijaribu. Maji ya Tanganyika si ya bahari, lakini yana madini ya kutosha kupitisha umeme. Fungua ganda, suuza ubao kwa spiriti, iache siku nzima au mbili.

Ukiwa umeifungua, tazama miguu minne ya plagi chini ya lenzi. Flashi iliyopigwa goti ikiwa kwenye laptopu hupasuka hapo. Kwa multimita, yaani kipima umeme, kati ya jino la 1 na la 4 lazima pawe na volti 5, na volti 3.3 ionekane ubaoni. Kama umeme upo na bado haitambuliki, angalia kristali ya MHz 12, kile kikopo kidogo cha bati; ikianguka sakafuni kwa kishindo inaweza kuvunjika ndani, na mbadala unatoka kwenye flashi mfu yenye namba ileile. Vile viflashi vidogo kama ukucha, vilivyotengenezwa kwa kipande kimoja, havina cha kubadilisha.

Plagi ikiwa imeng'oka na njia zake za shaba, kata kebo ya USB na ulehemu waya zake moja kwa moja ubaoni kwa ncha nyembamba, joto la nyuzi 320 hadi 350: nyekundu jino la 1, nyeupe la 2, kijani la 3, nyeusi la 4. Kebo za bei rahisi hudanganya rangi, kwa hiyo pima kwanza. Gundi ya moto juu ya lehemu itazuia waya zisiyumbe. Ikisoma, nakili siku hiyohiyo, na iwe kunakili, si kuhamisha.