Mgeni wa Ukuta wa Mawe

Ndege mgeni huwa tunamwanzia kwenye rangi, na rangi ndiyo inayodanganya kuliko vyote. Huyu aliyetua kwenye ukuta wa mawe nyuma ya nyumba ana mgongo wa kahawia iliyofifia, tumbo la rangi ya maziwa, na mstari mweupe juu ya jicho. Basi. Ndege wa namna hiyo wamejaa tele. Nilifungua programu ya simu, nikajaza mahali, tarehe, ukubwa na rangi, ikanimwagia orodha ndefu ya ndege wa kahawia. Haya, asante.

Simu nikaiweka kando, nikachukua darubini nitazame anavyojiendea. Huku mlimani hana haja na matawi. Anataka jiwe, au mwinuko wowote wa kusimamia. Akishuka, harukiruki tu: anakimbia hatua chache, anasimama wima ghafla, anatikisa mkia, anadonoa kitu, anakimbia tena. Miguu ni myeusi na mirefu kwa mwili ule mdogo. Akishtuka anatoa sauti kavu, chak, kama kokoto mbili zinagongana.

Jibu lilikuja aliporuka. Juu ya mkia ulimetameta weupe mtupu, na mkiani weusi wenye umbo la herufi T iliyopinduliwa. Akitulia, mabawa yanaufunika weupe ule, ndiyo maana sikuwa nimeuona. Hapo nikajua ni wa jenasi ya Oenanthe, kundi la ndege wadogo ambao Kiingereza huwaita wheatear, ila ndani yake kuna ndugu wanaofanana mno, hasa majike na makinda yaliyokwisha kukua. Aliyenisumbua zaidi ni Oenanthe isabellina: naye ana rangi ya mchanga, naye husimama wima. Lakini yeye utepe mweusi wa mkiani ni mpana, shina la T ni fupi, na chini ya bawa ni weupe. Huyu wangu utepe ni mwembamba, shina refu, na chini ya bawa kijivu kilichokolea. Nikaandika kwenye daftari: Oenanthe oenanthe.

Uzito wake ni kama gramu 25. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya vifaa vidogo vya kufuatilia safari walivyowafunga ndege hawa wanaozaliana Alaska: walikata Asia yote hadi Afrika Mashariki, takriban kilomita 14,500 kwenda tu. Mwingine, wa Kisiwa cha Baffin huko Kanada, alivuka Atlantiki hadi Uingereza, kisha akashuka Afrika Magharibi. Husafiri zaidi usiku, ndiyo maana mtu anaamka tu na kumkuta ukutani. Wangu ametoka wapi, hana pasipoti.

Leo amekamata mbawakawa, akampigiza kwenye jiwe, akammeza. Paka nimemfungia ndani, na analalamika kwelikweli. Avumilie. Ndege anayeweza kukata bara zima kwa mabawa yale hawezi kuishia kinywani mwa mtu anayelala kwenye kochi mchana kutwa.