Jinsi nilivyokifufua kidhibiti cha pampu baada ya sasisho kukatika

Sasisho la programu dhibiti lilikuwa limefika asilimia 62 pale mwenzangu wa zamu alipobonyeza kitufe cha kuwasha pampu ya pili. Kontakta, yaani swichi ya sumaku inayowasha mota, iligonga ndani ya kabati, taa za kidhibiti zikafifia kufumba na kufumbua, na mstari kwenye skrini yangu ukasimama. Kabla ya kuanza nilikuwa nimezihamishia pampu zote tatu za maji ya kupozea mitambo kwenye swichi za mkono, kwa hiyo maji hayakukatika. Ila mwenzangu alilazimika kusimama mbele ya geji ya presha akiwasha na kuzima mwenyewe, na uvumilivu wake ndio uliokuwa kipimo cha muda niliobakiwa nao.

Kidhibiti hakikuwa kimekufa kabisa. Taa nyekundu iliwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache kwa mpangilio uleule, dalili kwamba kilikuwa kikijiwasha, kikishindwa, kisha kikijiwasha tena. Programu ya mtengenezaji kwenye kompyuta haikukiona tena, na hilo halikunishangaza, kwa kuwa huduma ya mtandao inayoitikia wito wake imo ndani ya programu kuu ileile iliyokatwa katikati. Kilichonipa matumaini ni kwamba kumbukumbu ya fleshi ya kidhibiti hicho, ile isiyofutika umeme ukizimwa, imegawanywa sehemu tatu: mwanzoni programu ndogo ya kuwashia, ikifuatiwa na programu kuu, na mwishoni mipangilio. Sasisho la kawaida huandika sehemu ya kati tu.

Nilichomoa soketi zote za kutoa amri ili hata kikizinduka ghafla kisiweze kuwasha mota yoyote, kisha nikakifungua. Pembeni mwa bodi palikuwa na matundu manne yasiyolehemiwa pini, ambayo kwa kawaida ndiyo mlango wa siriali (wa kupitishia data biti moja moja) wa mafundi wa kiwandani. Kwa multimita nilitafuta tundu linaloungana na upande hasi wa umeme. La pili lilitulia kwenye volti 3.3 bila kuyumba, nami nikaliacha kama lilivyo, maana hiyo ni njia ya umeme. Kati ya mawili yaliyobaki, moja liliyumbayumba kila mara kidhibiti kilipojiwasha, na hilo ndilo linalosema. La mwisho ndilo linalosikiliza. Nilitumia adapta ya volti 3.3, si ile ya RS-232, aina ya mlango wa siriali iliyozoeleka kwenye mitambo, kwani hiyo inaweza kufika volti 12 chanya na hasi na kuichoma chipu papo hapo.

Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde nilipata takataka za alama. Kwa 115200 maneno yakasomeka: U-Boot, ile programu ndogo ya kuwashia, ilikuwa hai, ilipima programu kuu, ikakuta hesabu ya uhakiki (namba inayoonyesha kama data ni kamili) hailingani, ikakata tamaa na kuanza upya. Nilibonyeza kitufe cha kibodi kabla ya sekunde zake za kusubiri kwisha, na kidhibiti kikanyamaza kikingoja amri.

Hapo ndipo msimamizi aliponiuliza kwa nini siandiki programu mara moja. Mimi nilitaka kwanza nakala ya fleshi nzima ya megabaiti 8, na njia pekee niliyoiamini wakati huo ilikuwa kuichapisha kwenye skrini na kuihifadhi, baiti 16 kila mstari, kazi iliyokula karibu saa nzima. Ndani ya sehemu ya mipangilio kulikuwa na vipimo vya vihisi vya presha ambavyo hakuna aliyewahi kuviandika mahali pengine popote, na sikuwa tayari kuvihatarisha kwa ajili ya kuokoa saa moja.

Kuhamisha faili kulinisumbua kuliko nilivyotarajia. Niliipa kompyuta mpakato anwani ya mtandao uleule, nikawasha seva ya TFTP, njia rahisi ya kutuma faili kwenye mtandao, nikakiagiza kidhibiti kivute faili ya programu kuu; skrini ikajibu kwa herufi T moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na maana ya muda uliokwisha bila jibu. Nilibadilisha kebo bure. Kosa lilikuwa la faiawoli ya kompyuta yangu, iliyokuwa ikizuia mlango wa UDP namba 69 ambao TFTP huutumia. Nilipoufungua, alama za reli (#), ishara kwamba data inafika, zilijipanga mstari kwa mstari hadi mwisho.

Faili ilikuwa bado kwenye RAM tu, kumbukumbu ya muda, nami niliipima humo kabla ya kufuta chochote na kulinganisha matokeo na hesabu niliyoifanya kwenye kompyuta. Nilikuwa nimechagua toleo la zamani kwa makusudi, kwa sababu jipya hubadilisha mpangilio wa data za vihisi. Anwani za kufuta niliziandika kwenye karatasi, mwenzangu akanisomea tarakimu moja moja huku nikizichapa, kwani kosa la tarakimu moja lingeweza kuifuta programu ya kuwashia yenyewe, na hapo ingebidi kung'oa chipu. Baada ya kuandika nililinganisha fleshi na RAM, zikawa sawa, nikaamuru kijiwashe upya.

Taa ya kijani iliwaka baada ya sekunde chache. Saa yake ilionyesha tarehe 1 Januari 1970, ambapo saa za aina hii huanzia kuhesabu, nikairekebisha. Soketi za kutoa amri zikiwa bado nje, niliingiza mkondo wa miliampea 4, 12 na 20 kwenye njia ya kihisi cha bari 10, ambapo miliampea 4 humaanisha presha sifuri na 20 presha kamili, na skrini ikaonyesha 0, 5 na 10: mipangilio ilikuwa imepona. Ndipo nilipozirudisha soketi na kugeuza swichi ya pampu ya kwanza kwenda otomatiki.

Siku iliyofuata nilipima umeme wa volti 24 wakati kontakta ikivuta, ukashuka hadi 17. Koili zote za kontakta na kidhibiti vilikuwa vikila kutoka kwenye pawasaplai moja. Nimekitengea kidhibiti yake, na toleo jipya bado liko kwenye kompyuta yangu likisubiri siku mitambo itakapozimwa.