Chozi wa Tanga: mdomo kwanza, rangi baadaye

Hapa Tanga chozi, ndege mdogo anayenyonya utamu wa maua, yuko kila ua lenye mgomba, ila wengi wetu tunamwita "kale kandege" na kupita. Mimi siwezi kupita. Majirani wa Raskazone wameshazoea kuniona nimeganda barabarani nikitazama juu.

Anayeanza huniuliza kwanza habari za rangi, nami namwambia aiache. Kijani na zambarau inayometa kwa dume hutokana na jinsi unyoya unavyorudisha mwanga. Jua likiwa nyuma yake utaona ndege mweusi tu. Tena madume wa baadhi ya aina huvua manyoya hayo msimu wa kuzaliana ukiisha, wakafanana na majike. Kwa hiyo tazama mdomo: ni mrefu na umepinda, au ni mfupi? Mdogo sana, mdomo mfupi, tumbo la njano, mgongo wa kijani hata kwa jike: huyo ni chozi mwenye ukosi. Mkubwa kidogo, mweusi, kifua chekundu kama pilipili iliyoiva, huyo hakupi shida. Jike lake, la kahawia lenye mabakabaka, ndilo linalokutoa jasho.

Wale ndege wa Marekani wanaoelea hewani mbele ya maua kwenye video, "hummingbird", si jamaa zake. Chozi naye hupapatika mbele ya ua, lakini mara nyingi hushika kitawi akainama. Ua likiwa refu kupita mdomo wake, hulitoboa kwenye kitako chake akanyonya mbochi, yale maji matamu ya ua, bila kugusa chavua. Mwizi kabisa! Kwenye mikoko mambo hugeuka: ua la msinzi hukaa limejikaza, na ndege akiingiza mdomo hufyatuka na kumrushia chavua usoni.

Makinda hawalelewi kwa mbochi peke yake, huletewa wadudu na buibui. Utando wa buibui nao ndio unaoshikilia kiota, mfuko unaoning'inia, mara nyingi wenye kipenu juu ya mlango. Jike ndiye fundi. Dume kazi yake kubwa ni kelele na kufukuza wenzake.

Ukimaliza wa uani, panda Muheza hadi Amani, kwenye misitu ya milima ya Usambara Mashariki. Kule yuko chozi mwenye jina la mahali hapo, dume ana tumbo jeupe, na hupenda kukaa vileleni. Tafuta mti mrefu uliochanua, uegemee mwingine ulio jirani, maana shingo itauma.