Majani ya ngano: kabla hujakamua

Juisi ya majani machanga ya ngano ina klorofili (rangi ya kijani ya majani), vitamini K na madini kidogo. Ni mboga ya majani iliyokamuliwa, basi. Wapo wanaodai kwamba klorofili hugeuka damu mwilini. Ni kweli molekuli yake inashabihiana na hemu, sehemu ya hemoglobini inayobeba oksijeni, lakini katikati ya klorofili mna magnesiamu na katikati ya hemu mna chuma, na mwili haugeuzi moja ikawa nyingine. Aliyepungukiwa damu apimwe ajue chanzo.

Ushahidi wenye uzito kiasi ni wa vidonda vya utumbo mpana. Utafiti wa Israel uliochapishwa mwaka 2002 uliwahusisha wagonjwa 23: baadhi walikunywa mililita 100 kwa siku kwa mwezi mmoja, wengine wakapewa kinywaji cha kuigiza. Kwa waliokunywa juisi halisi, damu iliyokuwa ikitoka kwenye haja kubwa ilipungua. Watu 23 ni wachache mno, kwa hiyo usiache dawa zako.

Kazi kubwa iko kwenye kuotesha. Tumia mbegu zisizopakwa dawa. Zilizotiwa rangi nyekundu au waridi kwa ajili ya shamba ni sumu. Trei ya sentimita 25 kwa 50 inatosha vikombe viwili vya mbegu. Ziloweke saa 8 hadi 12, chuja, halafu zisuuze asubuhi na jioni mpaka mizizi ichungulie. Zitandaze juu ya udongo wa kina cha sentimita 2 au 3, zigusane bila kupandana, ufunike siku mbili au tatu. Trei iwe na matundu chini. Ukifunua utakuta miche ya manjano. Usishtuke, mwanga utaikijanisha.

Adui ni ukungu. Usiuchanganye na vinyweleo vyeupe vya mizizi: hivyo hulala ukivinyunyizia maji, ukungu haulali, hupanda kutoka kwenye mbegu kuelekea juu na hunuka uvundo. Husababishwa na mbegu kurundikana, maji mengi na hewa isiyopita. Ukiona umeenea, tupa trei nzima. Kuosha majani hakutoshi.

Vuna siku ya 7 hadi ya 10, majani yakiwa na sentimita 15 hivi, ukikata juu ya mbegu. Gluteni, protini ya ngano, imo kwenye mbegu, si kwenye jani, ila mbegu moja ikiponyoka inatosha kumdhuru mwenye siliaki, ugonjwa ambao gluteni huharibu utumbo. Kwake ni salama zaidi kuacha kabisa. Mkato wa pili huwa hafifu.

Mashine ya kusaga polepole hukamua vizuri. Wa blenda aongeze maji kidogo, kisha achuje kwa kitambaa. Anza na mililita 30 na unywe papo hapo. Kichefuchefu si ishara ya "sumu kutoka", ni tumbo linakataa, punguza. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwulize daktari kwanza, maana vitamini K hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Wajawazito waiache: ni mbichi, na vijidudu hustawi pale pale mbegu zinapoota.